Dresa na kichupa cha afyuni

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: washairi wa kale wa Kiingereza hawakuchoka kuimba mapenzi, mauti na maumbile; je, ni nani kati yao aliyekugusa, na kwa nini? Jibu langu ni John Keats, na wala sikumpatia darasani. Nilimpatia mbele ya kabati la dawa, saa saba ya usiku.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Katika miaka 31 ya kazi, 11 niliimalizia wodi ya kifua kikuu, enzi zile mgonjwa akilazwa miezi miwili ya mwanzo achomwe sindano ya streptomaisini kila siku tukimwona kwa macho yetu. Wodi ilikuwa na kabati dogo la ukutani lenye kufuli mbili. Ndani mlikuwa na pethidini na mofini, dawa kali za kutuliza maumivu, na kando yake daftari: kila ampuli iandikwe, kapewa nani, saa ngapi, shahidi nani. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa muuguzi wa zamu.

Usiku mmoja kijana fundi baiskeli, hajatimiza hata miaka 25, alinitazama nikilifunga lile kabati akaniuliza, "Sista, humo ndani hamna dawa ya kumlaza mtu asiamke?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia bei ya spoki. Nikamjibu, "Humo mna kazi ya kuandika tu, mdogo wangu. Lala." Nikarudi mezani nikakaa. Na hapo hapo mistari niliyoikariri Kidato cha Tano, ambayo nilidhani nilishaisahau zamani, ikaanza kujisoma yenyewe kichwani.

Ni mwanzo wa shairi la Keats la mwaka 1819 kwa ndege aitwaye nightingale. Ni ndege wa kahawia tu, hana urembo wowote, lakini akiimba usiku watu husimama njiani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba hilo ni shairi la maumbile. Tukaandika "dhamira: maumbile", tukapiga mstari kwa rula, tukafaulu mtihani. Lakini hebu liangalieni linavyoanza. Ndege hayupo. Yupo mtu anayesema moyo unamuuma, ganzi imemtambaa, kana kwamba amekunywa sumu, au dakika moja tu iliyopita amemaliza kikombe cha afyuni, mama wa mofini yetu, mpaka mashapo. Ndege anaingia baadaye. Mlango wa shairi lile ni kabati la dawa.

Tena si kwa bahati. Keats alizaliwa London mwaka 1795. Baba yake aliangushwa na farasi akafa, mtoto ana miaka minane. Mama akafa kwa kifua kikuu, mtoto ana miaka 14, na huyo huyo mtoto ndiye aliyekuwa akimuuguza. Baadaye alijifunza kazi kwa daktari mmoja, kisha mwaka 1815 akaingia hospitali ya Guy's, akawa dresa. Hilo neno wazee wetu wanalifahamu vizuri. Zahanati za enzi ya mkoloni zilisimama kwa mikono ya madresa. Dresa wa Guy's alifunga vidonda, alibadilisha bandeji, alisimama kando ya meza ya upasuaji, na siku hizo nusukaputi haijajulikana: mgonjwa anashikiliwa na wanaume na msumeno unafanya kazi yake. Mwaka 1816 Keats alipata leseni ya kutoa dawa. Halafu akaiacha kazi, akashika kalamu. Kwa hiyo akitaja afyuni msidhani ameiokota vitabuni kuwa pambo. Ameshaishika.

Desemba 1818 alimzika mdogo wake Tom, miaka 19, ugonjwa ule ule. Alimuuguza yeye mwenyewe, ndani ya vyumba vya kupanga, wiki baada ya wiki. Miezi mitano hivi baadaye, asubuhi moja ya majira ya kuchipua kule Hampstead, kandokando ya London, alichukua kiti kutoka meza ya chai, akakiweka kwenye nyasi chini ya mti wa plamu, akakaa saa mbili au tatu. Rafiki yake Charles Brown, mwenye nyumba, anasimulia kwamba alimwona akirudi ndani na vipande vinne au vitano vya karatasi, anavichomeka kimyakimya nyuma ya vitabu. Ndilo shairi lenyewe. Ndani yake upo mstari usiotaja jina la mtu: huku duniani kijana hupauka, hukonda kama mzuka, kisha hufa. Nikiusoma mstari huo namwona Tom. Na nawaona wangu pia, vitanda 28.

Mbele kidogo Keats anasema kitu ambacho mwalimu alikipita mbio. Anasema mara nyingi amekuwa kama mtu aliyependa, na anayempenda ni Mauti. Amemwita kwa majina ya kubembeleza, na sasa anaona ingekuwa utajiri kufa, kukoma usiku wa manane, bila maumivu.

Bila maumivu! Hapo ndipo ninapomkamata. Mtu aliyemfuta Tom makohozi alijua fika kwamba kifua kikuu hakiui namna hiyo. Kinaua kwa kuiba pumzi kidogokidogo, kwa jasho la usiku linalolowesha shuka mara tatu, kwa kikohozi kinachovunja mbavu. Mstari ule ni ombi. Ni swali la fundi wangu wa baiskeli, ila limevaa nguo za sikukuu.

Na ndege hampi anachoomba. Anaimba, anavuka bonde, anatoweka. Keats anabaki amekaa, hajui kama yuko macho au amelala. Hii ndiyo sababu nampenda kuliko wenzake. Wengi wao wakiumia hukimbilia maua na mito kama sisi tunavyokimbilia panadoli. Wordsworth na maua yake ya njano kando ya ziwa, sawa, yanapendeza, lakini ninamheshimu zaidi kwa lile shairi lake fupi la mistari minane, la msichana aliyekufa, haoni wala hasikii, anazungushwa na dunia pamoja na miamba, mawe na miti. Hakuna faraja pale, na mtu anaiamini. John Donne naye anamkaripia Mauti asijivune, kwamba yeye ni usingizi tu na mwisho wake atakufa. Nimelisikia likisomwa mazikoni. Ni hoja nzuri sana ya wakili. Kitandani sijamwona mgonjwa iliyemsaidia.

Mapenzi sasa. Fanny Brawne, msichana aliyempenda Keats, alihamia na mama yake nusu ya pili ya nyumba ile ile ya Hampstead, ukuta mmoja ukiwatenganisha na Keats. Julai 1819, akiwa Kisiwa cha Wight, Keats alimwandikia kwamba akitembea ana anasa mbili za kuzitafakari: uzuri wake Fanny, na saa ya kufa kwake yeye Keats. Akaongeza kwamba laiti angeweza kuvipata vyote viwili katika dakika moja. Msichana ana miaka 18. Sijui barua kama hiyo unaijibuje. Mimi ningempelekea mama aisome kwanza.

Miezi miwili baadaye, Septemba 19, alitembea mashambani nje ya mji wa Winchester, akarudi akaandika shairi la vuli ya kwao, majira ya mavuno na majani kuanguka, mistari 33, ambalo naliona bora kuliko yote aliyoyaandika. Humo hasemi "mimi" hata mara moja. Matufaha yanalemea matawi. Majira yenyewe yamekaa ghalani kama mtu, upepo unapeperusha nywele zake. Au yamelala katikati ya shamba lililovunwa nusu, yamelewa harufu ya maua ya mpopi, jamaa ya ule mmea unaotoa afyuni. Mnaona? Hata shambani kile kikombe kimemfuata. Jua linazama taratibu, mbu wa mtoni wanalia kama waliofiwa, na mstari wa mwisho mbayuwayu wanakusanyika angani wakipiga kelele zao.

Miaka mingi mstari huo ulinipita, maana sisi vuli yetu ni ya mvua na wala majani hayaanguki. Kumbe mbayuwayu wale wanajikusanya ili waondoke, waikimbie baridi, na safari yao ni ya Afrika. Kila Novemba mbayuwayu wa Ulaya walijipanga kwenye nyaya za umeme nje ya wodi yetu. Keats anawaaga, sisi tulikuwa tukiwapokea, bila habari.

Februari 3, 1820, alirudi nyumbani usiku na homa. Alipanda juu ya gari la farasi, nje, ili apunguze nauli, na hakuwa na koti zito. Alipoingia kitandani alikohoa, tone la damu likadondoka kwenye shuka. Akamwomba Brown alete mshumaa. Akaliangalia. Akasema: naijua rangi ya damu hii, ni damu ya ateri, rangi hiyo haiwezi kunidanganya, tone hili ndilo hati yangu ya kifo. Mtu yeyote aliyewahi kushika kopo la makohozi anajua alichokiona: nyekundu inayong'aa, si ile nzito ya kahawia. Mshairi mwingine angeona damu tu. Dresa aliona rangi.

Usiku ule ule wakamwita daktari, akamtoa damu nyingine mkononi. Ndiyo ilikuwa tiba. Mwezi uliofuata akaambiwa mapafu hayana kitu, tatizo ni mawazo. Nasikia hasira nikiandika haya, ingawa hao madaktari hawakuwa wajinga kuliko wakati wao: Robert Koch hakutangaza kijidudu cha kifua kikuu mpaka 1882, na streptomaisini haikugunduliwa mpaka 1943. Fundi wangu alipona. Alimaliza dozi, na siku moja akanishushia mkungu wa ndizi mlangoni akiwa na mchumba wake, yule aliyekuwa akija Jumapili na kuongea naye kupitia dirishani. Kati yake na Keats, kilichopungua ni sindano.

Keats walimpeleka Italia, hewa ya joto. Aliyekubali kufuatana naye ni Joseph Severn, mchoraji kijana, hajawahi kuuguza mtu. Novemba 1820 wakafika Roma, wakapanga chumba kando ya zile ngazi maarufu za uwanja wa Hispania. Severn alipika, alifua, aliwasha moto, alisoma kwa sauti, alikesha. Daktari James Clark, mwema kweli, aliendelea kumtoa damu mgonjwa na kumpa kwa siku kisamaki kimoja cha chumvi na kipande cha mkate.

Na kichupa kilikuwepo. Keats alimwagiza Severn anunue laudanamu, yaani afyuni iliyoyeyushwa kwenye kileo, na alikuwa na makusudi yake, aliyajua tangu zamani. Mambo yalipozidi akaidai. Severn akakataa. Wakabishana, Keats akamweleza kinagaubaga, kitaalamu, hatua kwa hatua, jinsi kifo chake kitakavyokuwa na jinsi yeye Severn atakavyoteseka kukitazama. Severn akampa daktari kile kichupa akifiche. Keats akawa kila daktari akiingia anamwuliza: haya maisha yangu ya baada ya kufa yataendelea mpaka lini?

Mpaka leo sijui kama Severn alitenda sawa. Najua ningefanya kama yeye, na ningetetemeka kama yeye.

Barua za Fanny zilifika. Keats hakuweza kuzifungua. Mwandiko wake tu kwenye bahasha ulimvunja. Akaagiza zizikwe naye. Akamtuma Severn aende akaone makaburi ya wasio Wakatoliki, aje amweleze. Severn akamwambia kuna majani, kuna urujuani, kuna vile vimaua vidogo vyeupe vyenye kiini cha njano. Keats akafurahi, akasema anaona kama anayasikia maua yakimwotea juu.

Alikufa Februari 23, 1821, miaka 25. Maneno yake ya mwisho muuguzi yeyote angeyakumbuka milele: Severn, niinue, ninakufa, nitakufa vizuri, usiogope. Mgonjwa ndiye anayemtuliza mwangalizi. Alitaka kaburi lisiwe na jina, ila liandikwe kwamba hapa amelala mtu ambaye jina lake liliandikwa juu ya maji. Polisi wa Roma, ambao tofauti na Waingereza waliamini ugonjwa ule unaambukiza, walichoma samani za chumba na kukwangua kuta.

Barua ziliwekwa ndani ya jeneza hazijafunguliwa. Na aliyewaagiza wachimba kaburi waweke juu yake mapande ya majani yenye vile vimaua vyeupe ni Daktari Clark, yule wa kisamaki na kipande cha mkate.