Mkataba miezi minane, kodi miezi kumi na miwili

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wastaafu waliopata kazi za muda mbali na nyumbani, na safari hii Kigoma imeongoza. Tumezifupisha, majibu tumeyaacha marefu pale palipohitaji.

Mimi ni fundi sanifu mstaafu. Nimepata mkataba wa miezi minane kusimamia ujenzi wa madarasa Kigoma, na mke wangu, mwuguzi mstaafu, tunakwenda pamoja. Dalali ametupatia nyumba ya shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Tulipe? — Mstaafu, Kihonda, Morogoro

Shikamoo mzee. Msilipe. Wastaafu wengi wanaopoteza fedha kwenye kazi za muda hupotezea hapo hapo, kwenye kodi iliyopita mkataba.

Piga hesabu. Miezi 12 kwa 150,000 ni 1,800,000. Miezi yenu minane ni 1,200,000, kwa hiyo 600,000 mnamwachia mtu nyumba tupu. Nendeni kwa mwenye nyumba mwenyewe, dalali abaki pembeni, mkamwambie mko tayari kulipa 175,000 kwa mwezi kwa miezi minane. Hiyo ni 1,400,000. Yeye anapata zaidi kwa kila mwezi, ninyi mnaokoa 400,000. Wengi hukubali, hasa wakiona wapangaji ni watu wazima wawili wasio na watoto wa kuchora kuta.

Hata hiyo msiitoe kwa mkupuo. Ombeni mitatu, mitatu, kisha miwili. Miradi ya ujenzi husimama: saruji haijafika, fedha za awamu ya pili zimechelewa, mvua zimeanza. Kazi ikikatika mwezi wa tano, kipengele cha "kodi iliyobaki itarudishwa" hakitawasaidia sana, kwa sababu hela ya kodi aghalabu imeshanunua bati za nyumba nyingine. Kodi ambayo hamjailipa ndiyo mnayoweza kuiokoa.

Wiki mbili za kwanza kaeni gesti au chumba cha kupanga kwa mwezi, na nyumba mwitafute kwa miguu yenu. Nyumba ya kuonyeshwa kwa picha za simu haina harufu wala haina majirani. Mkifika kuikagua, nendeni jioni, mfungue bomba wakati kila mtu mtaani anateka, na mwulize jirani, si mwenye nyumba, maji ya mgao hutoka siku zipi. Tazameni dari: duara la rangi ya chai ni bati linalovuja. Chunguzeni choo pia. Kama goti la mmoja wenu linasumbua, choo cha kuchuchumaa kitawachosha kabla ya mwezi kwisha. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, lakini apime kwanza.

Jambo la mwisho ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme hujilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu miezi sita ina deni la 9,000 linalomsubiri mpangaji mpya. Mtanunua umeme wa 10,000 mshangae uniti zimekuja kiduchu. Mwambieni mwenye nyumba anunue tokeni mbele yenu kabla ya kukabidhi funguo. Mwulizeni pia kama mita ni ya nyumba yenu peke yake. Matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei ya chini, takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na tozo. Ukihamishiwa kundi la juu ni takriban 356. Mita moja ikihudumia vyumba vinne, bei ya chini mtaisikia kwa jirani tu.

Mkataba wa pango uandikwe nakala mbili, na ofisi ya serikali ya mtaa iwe shahidi. Huko huko mtajitambulisha kama wakazi wapya, na barua yao mtaihitaji mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Treni au basi? Na tubebe nini? — Mstaafu huyo huyo

Kutoka Morogoro hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa watu wa umri wenu tunapendelea reli ya zamani, ile ya kupitia Dodoma na Tabora, kwa sababu moja: daraja la kwanza la kulala lina behewa lenye vyumba vya vitanda viwili. Mke na mume mnafunga mlango wenu. Daraja la pili la kulala ni vitanda sita kwa chumba, na mara nyingi wanaume hupangwa kwao na wanawake kwao. Ulizeni ratiba stesheni wiki mbili kabla, maana siku za kuondoka hubadilika.

Ubaya wa treni ni masika. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la mto Mkondoa, na mto ukifurika unabeba tuta la reli. Usipange kufika Jumapili ukaripoti kazini Jumatatu. Acha siku tatu katikati.

Mkipanda basi, kila linaposimama teremkeni mtembee, hata kama hamna haja. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia huvimbisha vifundo vya miguu na kunaweza kugandisha damu kwenye mshipa. Wazee wengi hukwepa kunywa maji njiani wakiogopa choo, na hapo ndipo hatari inapoongezeka.

Mzigo: mabegi mawili ya nguo, neti mbili zenye dawa, shuka, sufuria mbili, sahani nne, pasi, taa ya kuchaji, kiti kimoja mnachokipenda kama kinakunjika. Basi. Kitanda, godoro, meza na jiko la gesi mtanunua Kigoma na kuuza mkiondoka. Gharama ya kusafirisha kabati kwenda na kurudi inazidi thamani ya kabati. Mtungi wa gesi msiupakie kwenye basi kabisa.

Sisi tutakuwa Mtwara miezi sita. Nyumba yetu hapa itabaki na kijana wa kuitunza. Tuiache vipi? — Mama wa Makorora, Tanga

Shikamoo mama. Friji: izime siku mbili kabla, ikaushe, kisha iachwe mlango wazi ukizuiwa kwa kigongo. Friji iliyozimwa na kufungwa inaota ukungu na harufu yake haitoki. Tangi la maji limwagwe lote au lifunikwe vizuri, la sivyo mtaa mzima utaumwa na mbu wenu. Makabati yasogezwe yasiguse ukuta, kiasi cha kupitisha mkono, na vitabu na nguo visikae sakafuni: mchwa hupanda ukutani usiku mmoja tu. Gari livuliwe waya wa betri upande wa hasi.

Kijana apewe fedha za umeme kila mwezi, kidogo kidogo, kwa sababu ile ile ya LUKU tuliyoeleza hapo juu. Wengi humtumia 5,000 baada ya miezi minne, makato yanameza yote, halafu kijana anaitwa mwizi.

Hati ya nyumba na kadi ya gari msiziache ndani wala msisafiri nazo. Ziwekeni benki, au kwa mtu mzima wa ukoo mnayemwamini, na mwingine mmoja ajue ziko wapi.

Nina presha, mume wangu ana sukari na anajichoma insulini. Bima yetu ni ya wastaafu. Itafanya kazi mkoa mwingine? — Mama wa Ipagala, Dodoma (tunakwenda Kigoma)

Kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ya mstaafu aliyetoka utumishi wa umma ni yake na mwenza wake, na inatumika mkoa wowote kwenye kituo kilichosajiliwa. Pale Kigoma mjini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni. Wiki ya kwanza, mkiwa wazima, nendeni mfungue faili, mpimwe presha na sukari, muulize kama dawa zenu hasa zipo. Ukisubiri mpaka kichwa kigonge, utaanza maelezo ya miaka kumi ukiwa kwenye machela.

Mwombe daktari wa Dodoma awaandikie dawa za siku 60 na karatasi yenye majina halisi ya dawa na vipimo, si majina ya kampuni. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye buti la basi.

Insulini: aina nyingi zikishafunguliwa hukaa siku 28 nje ya friji iwapo joto halizidi nyuzi 30. Safarini ifungeni kwenye kitambaa, ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, na barafu isiiguse. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Itaonekana nzima, mtachoma, na sukari haitashuka.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na mtu wa Dodoma hajaizoea. Homa yoyote pimeni siku hiyo hiyo. Jambo jingine wageni hawaliwazii ni kichocho. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu, yanavutia, lakini konokono wanaokibeba hukaa kwenye kingo tulivu zenye majani. Ukiyaingia, pima wiki sita hadi nane baadaye. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kufuata uzito.

Wananiambia mkataba wangu ni wa "huduma", si wa ajira. Tofauti ni nini? — Mzee wa Kihonda tena

Ukiwa mtoa huduma, mlipaji anakata kodi ya zuio asilimia 5. Kwenye 900,000 unapokea 855,000. Dai hati ya makato hayo kila malipo, uitunze. Ukiwa mwajiriwa, unakatwa kodi ya mishahara, na mwajiri anawajibika kukuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kukukata wewe. Kwa msimamizi wa ujenzi anayepanda jukwaa akiwa na miaka 63, hilo la fidia ni zito kuliko asilimia. Ulizia pia nauli ya kurudi. Ya kwenda huandikwa, ya kurudi husahauliwa.

Siku za mapumziko twende wapi? Hatutaki kukaa ndani miezi minane tukitazama televisheni. — Mama wa Ipagala

Anzeni na Ujiji, kwa daladala, Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na pana makumbusho na miembe. Sisi hata hivyo tunaupenda zaidi mji wenyewe: mitaa ya Waswahili ya tangu zama za misafara, milango, kahawa ya barazani. Stesheni ya reli ya Kigoma nayo isiwapite. Reli ilifika hapo 1914, na kwa reli hiyo vilikuja vipande vya meli ambayo leo ni MV Liemba.

Gombe, hifadhi ya sokwe alikoanzia kazi mtafiti Jane Goodall mwaka 1960, huendewa kwa boti kutoka Kibirizi. Boti za abiria huondoka mchana, kwa hiyo hesabuni kulala huko. Vilima ni vikali, chukueni fimbo. Mwenye mafua abaki, kwa sababu sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa nayo.

Sokoni, jifunzeni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na bei inapanda. Nunueni katikati ya giza, mkague kwa kusugua kiganjani: waliokaushwa kwenye vichanja hawaachi mchanga, walioanikwa chini mtawatafuna na ufuo wote.

Mkiondoka, mtataka mawese ya kurudi nayo. Dumu lifungwe nailoni chini ya kifuniko, kisha liingizwe kwenye mfuko wa pili, kwani doa lake halitoki kwenye begi la jirani. Na asubuhi ya baridi ya Dodoma mkiyakuta yameganda, msiyamwage. Yawekeni juani.