Mtoto akiuliza kipepeo anatoka wapi, mpeleke kwenye mlimau

"Shangazi, mbona kinyesi cha ndege kinatafuna jani?"

Mtoto wa kaka yangu, miaka mitano, alikuwa ameinamia mlimau wetu wa uani hapa Muheza. Hakukosea sana. Kiwavi mchanga wa mlimau ana rangi ya kahawia iliyokolea na mabaka meupe, ndege akimwona anadhani ni uchafu, anampita. Akishajivua ngozi mara kadhaa ndipo anakuwa kijani.

Kabla ya hapo nilimfundisha kwa mchoro wenye mishale: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Alikariri vizuri. Nikamuuliza, hao ni wadudu wangapi? "Wanne." Mishale yote ile, na bado hakujua kuwa ni mdudu yule yule.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mfugeni mmoja, na mtoto ampe jina. Wetu aliitwa Mlafi. Kata kitawi alichokalia, kichomeke kwenye chupa ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa asije akazama, kisha funika kwa shela kuukuu. Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa, kitamuua. Majani yawe ya mlimau, mndimu au mchungwa, yasiyopuliziwa dawa, mchicha hataugusa. Na mwambie mtoto mapema kwamba viwavi wenye manyoya hawashikwi, wanawasha.

Huyu wa mlimau ukimgusa mgongoni, nyuma ya kichwa chake huchomoza kitu cha rangi ya chungwa chenye pembe mbili, kinanuka kweli kweli. Ndivyo anavyofukuza adui. Mwache mtoto anuse.

Siku moja Mlafi aliacha kula. Akajishikiza kwenye kijiti, uzi mmoja mwembamba ukampita mgongoni kama mbeleko, ngozi ikapasuka, ikabaki pupa. "Amekufa?" Nikamjibu kuwa yu hai, ila humo ndani mwili wa kiwavi unavunjwavunjwa na kujengwa upya, ndiyo maana hawezi kula wala kutembea.

Lakini Mlafi hakuwa kipepeo. Pupa ilibadilika rangi, ikatoboka, wakatoka nyigu wadogo kuliko sisimizi. Mtoto alilia sana. Nilitamani kumwambia Mlafi aliruka usiku, nikaona nitaharibu kila tulichojifunza. Nikamweleza kwamba mama nyigu alitaga mayai ndani ya mwili wa Mlafi, na watoto wake wakapata chakula humo. Akafuta machozi, akafikiri. "Na wao walikuwa mabuu kwanza?"

Walikuwa mabuu, ndiyo. Swali hilo lilinifurahisha kuliko shairi lolote la darasani.

Mara ya pili tulianza na yai, la manjano hafifu, dogo kuliko punje ya uwele, tukalifunika mapema nyigu wasilifikie. Huyo alitoka asubuhi, mabawa yamekunjamana kama nguo mbichi. Hapo usimsaidie kwa kidole. Ananing'inia, anasukuma maji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke, halafu anasubiri yakauke. Atadondosha pia matone mekundu ya kahawia. Ni taka zilizobaki alipokuwa pupa, wala hajaumia. Mwambieni mtoto mapema, maana wetu alikimbia ndani kuleta plasta.