Chemba Iko Katikati ya Chumba Kipya: Tuifukie?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nataka kuongeza chumba chenye bafu nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 5. Chemba ya maji taka iko katikati ya eneo hilo, na bomba la choo cha sasa linapita hapo kwenda kwenye tangi la maji taka. Fundi anasema tuifukie chemba, tumwage zege juu, tusonge mbele. Nimsikilize?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kwa hili usimsikilize. Chemba ipo ili bomba likiziba pawe na mahali pa kulizibulia. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo chemba yake ilifukiwa chini ya sakafu ya jiko. Maji machafu yalikuwa yanarudi chooni, na hakuna aliyekumbuka ilipo. Tulipasua vigae sehemu tatu ndipo tukaipata.

Usichore chumba kabla hujajua bomba lina kina gani. Chumba unaweza kukisogeza au kuinua sakafu yake, lakini maji taka hayapandi mlima. Funua chemba zote, mtu amwage maji yenye rangi chooni, uone yanatokea wapi na yanaelekea wapi. Ukifunua mfuniko, kaa pembeni kwanza hewa itoke, na usishuke ndani hata kidogo: gesi ya maji taka huua, na huua pia anayeingia kumwokoa wa kwanza. Kisha vuta uzi uliosawazishwa kwa pima maji toka chemba ya juu hadi ya chini, upime kwenye kila chemba toka kwenye uzi hadi chini kabisa ndani ya bomba, pale maji yanapopita. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo milimita za kushuka ulizo nazo, na hizo ndizo zitakazoamua mambo yote.

Bomba la inchi 4 hufanya kazi vizuri likishuka milimita 25 kwa kila mita, yaani 1 kwa 40 (mita 1 ya kushuka kwa kila mita 40 za urefu). Likibeba maji ya choo linaweza kulegezwa hadi 1 kwa 80, ila kazi iwe safi. Tuseme bomba lako sasa lina mita 8 na linashuka milimita 200. Ukilizungusha nje ya chumba kipya likawa mita 14, milimita zako ni zilezile 200, kwa hiyo mteremko unabaki takriban 1 kwa 70. Bado inawezekana, ila fundi hana nafasi ya kukosea. Bomba likizunguka mita 18, mteremko huo hautoshi tena. Itabidi usogeze chumba au upunguze ukubwa wake. Hesabu hii fanyia kwenye karatasi, si ndani ya mtaro uliokwisha kuchimbwa.

Kwa maelezo yako, mimi ningezungusha bomba nje na kujenga chemba mpya kila linapogeuka. Kona ya ghafla ya nyuzi 90 chini ya ardhi iepuke. Tumia mbili za nyuzi 45. Bomba la zamani likiachwa, lizibwe ncha zote mbili au ling'olewe, maana panya hulifanya barabara.

Kama haliwezi kuzungushwa, bomba linaweza kupita chini ya sakafu bila chemba humo ndani, chemba zikiwa pande mbili za nje. Kama ni la udongo wa kuchoma au limezeeka, weka jipya. Linapovuka msingi, acha tundu lenye nafasi ya milimita 50 kuzunguka bomba lote na uweke linta, yaani boriti fupi ya kubeba ukuta, juu yake. Nyumba mpya hutitia kidogo, na bomba lililobanwa na zege hukatika hapo hapo.

Msingi nao una jambo lake. Uzito wa ukuta husambaa ardhini kwa mshazari wa kama nyuzi 45, kwa hiyo bomba lililo karibu na msingi na chini yake hukandamizwa. Mtaro wa bomba ukiwa ndani ya mita 1 toka msingini, na una kina zaidi ya msingi, ama ushushe msingi ama ujaze mtaro kwa zege hadi usawa wa chini wa msingi.

Tangi lenyewe usilijengee juu. Linahitaji kufikiwa na gari la kunyonya, na bafu jipya likileta watu zaidi, pima kama ujazo wake unatosha.

Maji ya paa jipya yasiingie humo. Paa la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 50 kwa saa hukusanya lita 1,000, na mafuriko hayo huchochea uchafu uliotulia chini ya tangi na kuusukuma hadi kwenye shimo linalopeleka maji ya tangi ardhini, likaziba. Yapeleke kwenye mfereji wake.

Kabla ya kufukia, ziba ncha ya chini ya bomba, lijaze maji, weka alama kwenye chemba ya juu na usubiri nusu saa. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja. Kitafute mtaro ukiwa wazi. Yakitulia, piga picha za mtaro ukiwa na futi ya kupimia ndani yake, andika umbali toka ukutani, ndipo ufukie.