Nyumba ya Mkopo Minnesota: Hesabu Siku Zako Kabla ya Mnada

Kwa miaka kadhaa Waafrika Mashariki wenzangu wa hapa Minnesota wamekuwa wakiniletea barua za benki niwasaidie kuzisoma, na aghalabu bahasha tatu nne za mwanzo huwa hazijafunguliwa. Jingine ninaloliona ni watu kutegemea ushauri wa ndugu wa jimbo lingine, ilhali sheria ya kunadi nyumba iliyowekwa rehani hutungwa na kila jimbo. Texas mnada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, baada ya notisi ya angalau siku 21, na mkopaji kwa kawaida hana haki ya kuikomboa nyumba baadaye. New York benki sharti ifungue kesi, nayo huweza kuchukua miaka.

Kwetu benki nyingi hazipitii mahakamani. Kanuni ya serikali ya shirikisho huizuia benki kuanza hatua za kunadi mpaka uwe umechelewa kulipa kwa zaidi ya siku 120. Baada ya hapo tangazo huchapishwa gazetini kwa wiki 6, na wakaaji wa nyumba hukabidhiwa notisi angalau wiki 4 kabla ya mnada unaoendeshwa na sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti. Mpaka siku hiyo unaweza kulipa malimbikizo na gharama zake, mkopo ukaendelea. Mnada ukishapita, unabaki na muda wa ukombozi, kwa wengi miezi 6, na sasa unatakiwa kurudisha kwa mkupuo bei yote ya mnadani pamoja na riba.

Miezi hiyo unaruhusiwa kukaa ndani bila kulipa, na hapo ndipo wengi wanapolala. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 320,000 na deni ni 210,000. Benki ikiinunua mnadani kwa kiasi cha deni tu, ile tofauti ya 110,000 hakuna atakayekuletea. Usipouza wala kukomboa kabla ya muda kwisha, imekwenda.

Mwaka 2008 wengi walidaiwa zaidi ya thamani ya nyumba, hivyo kuuza hakukuwasaidia. Leo hali ni tofauti. Riba ya mikopo ya nyumba ilishuka chini ya asilimia 3 mwaka 2021, ikakaribia 8 Oktoba 2023; waliokopa kwa riba ndogo hawataki kuuza, nyumba sokoni zikawa chache na bei hazikuporomoka. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mkopo wa asilimia 3 asikimbilie dalali wa kumuuzia nyumba: aombe kwanza benki ibadilishe masharti ya mkopo, na maombi yaliyokamilika yaifikie benki zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, maana hapo haiwezi kunadi kabla ya kuyaamua. Akikataliwa, na auze mapema, kwa bei ya soko.

Mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani, hatozi chochote kwa shauri la namna hii. Mpelekee notisi, taarifa ya mwisho ya mkopo na hati za mshahara. Na anayekutaka umsainie hati ya nyumba ili "akuokoe", usimfungulie mlango.