Karanga za pakiti: kukaanga hakuondoi sumukuvu

Ndugu uliyeuliza kama karanga za pakiti zenye uchungu zinaweza kumdhuru mtoto, na ukajibiwa na wenzetu wawili kwamba zikishakaangwa hazina neno, naomba nikueleze ninachokijua, kwa kuwa nilikaanga na kufunga karanga hapa Moshi kwa miaka sita.

Moto huua ukungu, lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya punje hubaki. Hiyo ndiyo sumukuvu, na kukaanga huipunguza tu, hakuimalizi. Haina ladha wala harufu. Uchungu unaousikia ni dalili kwamba punje imeharibika, lakini punje isiyo chungu nayo haina dhamana. Mwaka 2016 watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumu hiyo hiyo, iliyokuwa katika mahindi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiongezea hatari ya saratani ya ini. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya karanga, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Masika mmoja nilinunua gunia ambalo juu lilikuwa na karanga nyeupe, kavu, za kuvutia. Nilipolimimina kwenye turubai, za chini zilikuwa zimeshikamana mabonge, na nilipopasua punje moja katikati nilikuta unga wa kijani unaoelekea njano. Baadaye nikaelezwa kwamba maganda yalikuwa yameloweshwa maji ili yabanduke upesi, kisha karanga zikajazwa guniani kabla hazijakauka. Mimi na mdogo wangu tulichambua kwa siku mbili, tukatenga sinia zima la zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Jioni ya pili akaja mama mmoja kuomba tumuuzie hizo mbovu kwa nusu bei, akasema bila kificho kwamba zinakwenda kusagwa. Nilimkatalia, nikazifukia, na hata kuku sikuwapa, maana nao hudhurika.

Tangu siku ile hofu yangu kubwa imekuwa kwa karanga zilizosagwa kuliko zile nzima za kwenye pakiti. Sumu kwa kawaida hukusanyika katika punje chache mbaya, ndiyo maana kuchambua kunasaidia sana. Lakini punje hizo zikishaingia katika siagi ya karanga au unga wa lishe, hakuna mama anayeweza kuzitambua, na mlaji wa uji huo ni mtoto mchanga anayeunywa kila siku.

Kuhusu pakiti zenyewe, tazama ndani ya nailoni. Karanga zikifungwa kwa mshumaa zingali na moto hutoa jasho, na unyevu huo huzirudisha kwenye ukungu. Ukiona matone, au hakuna jina la mfungaji, tarehe wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), usinunue. Hizo chungu ulizo nazo usimpe mtoto hata moja. Kwa uji wake, nunua karanga nzima, zichambue mwenyewe mchana kwenye mwanga, kisha uzipeleke mashineni na usimame pale mpaka zako zimalizike kusagwa.