Diwali ghorofa ya tatu: vijitaa, unga wa rangi na upepo wa vuli

Kosa langu la kwanza la Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, lilikuwa chumvi. Nilikuwa nimesikia kwamba chumvi ya mezani ukiichanganya na rangi ya chakula unapata unga mzuri wa kuchorea, tena mzito, haupeperuki. Nikanunua pakiti sita, nikatia nyekundu, kijani na buluu, nikachora ua kubwa mbele ya mlango wa jirani yangu, ghorofa ya tatu, Upanga. Hiyo ilikuwa saa kumi jioni. Saa mbili usiku, wageni walipoanza kupanda ngazi, ua lilikuwa linatoka jasho. Dar es Salaam kwenye mvua za vuli hewa unaweza kuikamua, na chumvi iliuvuta unyevu wote. Rangi zikaingiliana, kijito chekundu kikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgeni mmoja akauliza kama kuna kuku aliyechinjiwa pale. Mlangoni kwa watu ambao hata yai hawali!

Mimi ni Mwislamu, mtu wa Tanga. Jirani yangu ni mama wa Kigujarati aliyezaliwa hapahapa Dar. Wanawe wanamwita Ba, yaani mama, nasi jengo zima tunamwita Ba. Magoti yake yalipoanza kumsumbua, kuinama na kuchora sakafuni kukamshinda, wanawe wako ng'ambo, kazi ikaniangukia mimi. Nimeifanya miaka tisa sasa. Puja yenyewe, yaani ibada, ni yao, na saa hiyo mimi hurudi kwangu nikaswali Magharibi. Lakini mlango, ngazi na veranda ni mikono yangu, na niliyojifunza humo ndiyo ninayokupa hapa, uwe ni Mhindu uliyehamia kwenye fleti ndogo au ni jirani kama mimi uliyeombwa msaada.

Anza na tarehe, maana hapo watu wengi huteleza. Diwali hufuata mwezi, huangukia usiku wa giza kabisa, mwezi usipoonekana, kati ya Oktoba na Novemba. Sisi wa pwani hili linatuingia haraka: ukiona vijitaa vya Diwali leo, jua kwamba siku moja au mbili mbele watu watatazama mwezi mwandamo. Na ubishi wa tarehe sio wetu peke yetu wakati wa Idi. Mwaka 2024 wapo walioadhimisha tarehe 31 Oktoba na wapo waliongoja tarehe 1 Novemba, kila upande na kalenda yake mkononi. Kwa hiyo usichukue tarehe kwenye simu ukaenda kununua maua. Muulize mwenye nyumba anafuata hekalu gani, kisha shika hiyo.

Halafu kuna kufagia. Nisingependa kulitaja, maana ndilo linalochosha kuliko yote, lakini Ba hakuruhusu pambo hata moja kabla nyumba haijasafishwa. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, anasemekana huingia nyumba iliyo safi na yenye mwanga. Kwa hiyo wiki nzima kabla, makabati hutolewa vitu, mapazia hufuliwa, feni hufutwa vumbi. Ushauri wangu hapa ni mmoja: osha sakafu ya mlangoni siku moja kabla, sio siku yenyewe. Vigae vikiwa na unyevu hata kidogo, unga wa rangi hushika madoa.

Sasa vijitaa, ambavyo ndivyo moyo wa jambo. Ni vibakuli vidogo vya udongo, vimebanwa mdomo upande mmoja ili utambi ulale hapo. Kwa Kigujarati kimoja ni divo, vingi ni diva. Mwaka wa kwanza nilivitoa dukani nikavimiminia mafuta papo hapo. Baada ya nusu saa vingi vilikuwa vikavu, vimezima, na chini ya kila kimoja kuna duara la mafuta kwenye kigae. Ba akacheka hadi akakaa chini. Udongo mkavu una kiu, mwanangu, akaniambia, upe maji kwanza. Tangu siku hiyo navilowesha kwenye beseni usiku kucha, asubuhi navianika juani hadi vikauke kabisa. Vikishashiba maji, havinywi mafuta kwa pupa. Bado naweka kisahani cha zamani chini ya kila kimoja, kwa sababu mwenye jengo ana macho.

Utambi tunasokota wenyewe. Chukua pamba ya duka la dawa, ivute iwe ndefu na nyembamba, kisha isokote kati ya viganja kama unavyosokota tambi za unga. Ukiukaza mno, mafuta hayapandi. Ukiulegeza, unawaka kwa moto mkubwa wenye moshi. Uzamishe wote kwenye mafuta, kisha vuta ncha ndogo tu itokeze mdomoni, kama punje ya mchele. Kwa taa ya mbele ya mungu Ba hutumia samli. Kwa zile za nje, ufuta au alizeti yanatosha. Usije ukathubutu mafuta ya taa, yananuka na yanatoa masizi, na hicho sio kibatari.

Na nguo! Nilikuwa nainama kuwasha cha saba nikiwa na buibui la nailoni, mkono mpana, na cha sita kilikuwa kinawaka karibu na kiwiko changu. Nilisikia harufu kabla sijaona moto. Niliuzima kwa kiganja, nikabaki na tundu kwenye buibui na lengelenge kwenye kidole. Siku hizi navaa dera la pamba, nimekunja mikono, nimejifunga kanga kiunoni, na nawasha kuanzia kilicho mbali nikirudi nyuma. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji usiyamwagie mafuta yanayowaka.

Mchoro wa sakafuni unaitwa rangoli, na hapa ndipo nimeharibu sana na kujifunza sana. Baada ya chumvi nilijaribu manjano ya jikoni, rangi yake inapendeza mno. Doa lake lipo hadi leo, nimeliwekea mkeka. Nilichokuja kukubali ni mchanga mweupe laini: uchekeche, uoshe, ukauke, kisha uchanganye na rangi ya unga kidogo kidogo. Kwa mistari myeupe hakuna kinachoshinda unga wa mchele. Sisimizi huja kuula, kweli. Nilipotaka kuwafagia Ba akanizuia, akasema kule India Kusini watu huchora kwa unga wa mchele kila asubuhi na wadudu hupata riziki yao humo, basi tuwaache nao wale sikukuu.

Usianze na tausi. Kila anayeanza anataka kuchora tausi. Weka nukta za chaki kwa mistari iliyonyooka, tano kwa tano zinatosha, kisha ziunganishe upate nyota au ua. Kwa duara tumia sufuria, kwa duara dogo kikombe. Anzia katikati, toka nje. Unga ushike kati ya kidole gumba na cha shahada, uuachie kidogo kidogo kama unavyotia chumvi kwenye mchuzi, mkono ukiwa chini karibu na sakafu. Sehemu pana zijaze kwa chujio la chai, utapata rangi iliyolala sawasawa bila kuumiza vidole. Na kabla hujaanza, tazama mlango unafungukia wapi. Mwaka wa tatu nilimaliza kazi ya saa mbili, Ba akafungua mlango wa chuma, ukafagia robo ya ua.

Juu ya mlango tunafunga toran, kamba ya majani ya mwembe na maua ya rangi ya machungwa. Majani yakatwe asubuhi ile ile, yafutwe na kitambaa chenye mafuta kidogo. Za plastiki zipo madukani. Sizipendi, lakini Ba anazo mbili na sijasema kitu.

Kuhusu taa za umeme nitasema machache. Zinapendeza kwenye reli ya veranda. Usichomeke kamba nne kwenye ekstensheni moja, na zile za ndani usizitoe nje mvua zikianza. Rangi moja au mbili zatosha, vinginevyo nyumba inafanana na daladala.

Lakini usiku ninaoukumbuka kuliko yote hapakuwa na umeme. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, ya kwanza ya msimu, na saa moja usiku mtaa mzima ukazima. Taa zetu za kununua zikawa nyuzi tu. Vijitaa ishirini na moja vya Ba vikabaki vinawaka kwenye ngazi, kila kidato na chake, na watu wa ghorofa zote wakatoka nje ya milango yao wakakaa hapo, kwa kuwa ndani kulikuwa na joto na giza. Kisha kumbikumbi wakaja. Mvua ya kwanza, taa hazipo popote isipokuwa kwetu: walikuja maelfu, wakaanguka kwenye mafuta, mbawa zikashika moto. Watoto wanapiga kelele, mlinzi amekuja na beseni la maji anawaza kikaango, na Ba ambaye haui hata mende anaomba wasife. Tulichofanya ni kuzunguka nyumba zote kukusanya chimni za kandili na glasi ndefu za maji, tukavifunika vijitaa bila kuviziba juu. Wengi waliokolewa, na upepo nao ukakoma kutuzimia. Tangu hapo kila mwaka natayarisha glasi mapema.

Ukialikwa, usiende na keki ya dukani. Mimi nilikwenda nayo. Ba aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya friji, na hakuna aliyeigusa. Kumbe ndani mna mayai. Familia nyingi za Kigujarati hazili nyama, samaki wala mayai, na wapo wasiotia hata kitunguu na kitunguu saumu. Peleka matunda, korosho, lozi, au nazi nzima. Utarudishiwa vitafunio vyao, chevdo, ladu na barfi, hadi ushindwe kupanda ngazi.

Kwa kawaida siku ya pili yake ndiyo mwaka mpya wa Wagujarati. Wenye maduka wanakuwa wameshabariki madaftari mapya ya hesabu usiku wa Diwali, ingawa jirani wa ghorofa ya kwanza yeye huweka kompyuta mpakato mahali pa daftari, na maua juu yake. Asubuhi ya mwaka mpya salamu ni Sal Mubarak, yaani mwaka wenye baraka. Neno mubarak wewe unalijua bila kufundishwa. Mimi hugonga mlango, namwambia Ba shikamoo, naye ananijibu marahaba, kisha ndipo tunapeana Sal Mubarak yetu.

Mafuta yaliyomwagika yamwagie unga wa ngano, yaache dakika kumi, kisha fagia. Rangoli usiifagie haraka, iache wapita njia waimalize kwa miguu yao.

Mwaka 2026 Diwali ni Jumapili, tarehe 8 Novemba. Pamba ninayo. Vijitaa vitatu vimepasuka, nitapita soko la Kisutu kununua vingine. Na sahani ya Ba ya mwaka jana bado iko kwenye kabati langu, siwezi kuirudisha tupu, kwa hiyo nimeshaamua: visheti, vya samli, bila yai.