Unataka safari yako ya boti Menai? Anza na mwezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku Unguja kaniandikia: "Kaka, nimechoka kutembeza wageni wa watu. Nifanyeje na mimi niwe na safari yangu?"

Najua si yeye peke yake. Kila anayenisoma hapa ana ndoto ileile: boti yake, jina lake ubavuni, wageni wanaomtafuta yeye. Na wote mnauliza mtaji. Haya tuyapite upesi. Kibali kinatoka Kamisheni ya Utalii, ada ya hifadhi lazima ilipwe, majaketi ya kujiokolea yawatoshe wageni wote, na kama huna boti utakodi ya mvuvi kwa siku. Basi.

Mimi mtaji wangu ulikuwa kufukuzwa.

Nilikuwa natembeza wageni wa tajiri mmoja, simtaji. Asubuhi moja tukawakuta pomboo, jike na mtoto wake ubavuni kama kivuli, wanapanda kuvuta pumzi na kushuka pamoja. Boti zikaja mbio pande zote. Mtoto akawa anapumua harakaharaka, hashuki tena vizuri, na mama anamkinga upande wa mashine zetu. Tajiri akapiga simu: wageni wamelipia pomboo, waruke majini. Nikamwambia nahodha azime mashine. Wageni wakanuna, na jioni nikaambiwa mbele ya vijana wote wa ufukweni, "Kesho usije." Mpaka leo tajiri akiniona ananiita mwalimu wa samaki. Pomboo si samaki, lakini hilo tumwachie mwenyewe.

Ghuba ya Menai ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, kilomita za mraba 470, kutoka huku Fumba mpaka Kizimkazi. Adui aliyezungumzwa wakati huo alikuwa mvuvi wa baruti na makokoro. Siku hizi ni sisi wenye mashine, tena tuna vibali.

Sasa ushauri. Soma mwezi. Boti nyingi zinafuata ratiba moja iliyochapishwa kwenye karatasi: fungu la mchanga, kuzamia matumbawe, chakula kisiwani Kwale, halafu mikokoni. Karatasi haijui bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti yake hukaribia mita 4. Siku hizo wageni watatembea mbali kwenye mwamba ndipo waifikie boti, kwa hiyo waambie jana yake waje na viatu vya kulowa. Fungu litakuwa wazi, jeupe; lifuate kwanza. Mikoko iache mpaka alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayajai wala hayapwi sana, mambo yanageuka: maji yanajaa katikati ya asubuhi, basi mikoko ndiyo ya mwanzo, na fungu usilitie chumvi kwa mgeni maana huenda likawa kipande tu. Kila siku saa zinasogea kama dakika 50. Hesabu.

Nahodha wangu, babu mmoja aliyekulia kwenye ngalawa, hatazami simu. Tukifika mdomo wa mikoko anatazama mizizi. Chaza wameshika mstari mmoja kwenye mizizi yote, na ule mstari ukishazama anasema "haya". Usipozama hatuingii, hata mgeni awe nani, kwa sababu ndani ni tope na kaa tu. Nimewaona wenzetu wameingiza wageni humo maji yametoka, wanawasukumia boti, na mgeni kalipa dola zake.

Upepo nao. Wakati wa kusi bahari ya ghuba hii inachafuka, lakini kurudi Fumba upepo unatusukuma kwa nyuma: zima mashine, pandisha foromali, ule mti wa tanga, mpe mgeni ashike demani, kamba ya tanga, kidogo chini ya mkono wa nahodha. Hapo ndipo simu zote zinatoka mifukoni. Wakati wa kaskazi utarudi unapambana nao, kwa hiyo tanga litumie asubuhi. Mwezi na upepo, ndugu yangu. Mwezi na upepo.

Na usiahidi pomboo. Papasi wa mjini, wale madalali wa wageni, watakuuzia safari kwa neno hilo moja, watachukua chao, na lawama utabaki nayo wewe katikati ya maji. Tunajidanganya kwamba mgeni anataka kila kitu. Tamaa ni yetu sisi! Mnataka kutajirika msimu mmoja juu ya mgongo wa mnyama anayenyonyesha, kisha mnashangaa mbona pomboo hawaonekani kama zamani. Mimi nikiwaona nasimama mbali, mashine kimya, wakija wenyewe heri, wasipokuja tunakwenda kula pweza. Boti yangu inajaa, na wengi wameletwa na wageni waliopita, sijamlipa papasi hata shilingi.

Mgeni anayetaka uhakika wa pomboo, namrudishia arubuni yake na kumwelekeza boti nyingine. Akiuliza ipi, namwonyesha ile ya tajiri wangu wa zamani.